Maji ya Nairobi Hayafiki Mia

Mhadhara kwa wanafunzi wa sekondari ya chini, wazazi na walimu wao

Lipo swali la sayansi ambalo karibu kila mtoto wa shule hulijibu kabla hata halijamalizwa kuulizwa: maji huchemka kwenye nyuzijoto ngapi? Mia, darasa zima litaitikia, na mwalimu atahamia swali linalofuata. Sasa darasa hilo na liwe Nairobi. Sufuria ibandikwe, kipimajoto kizima kitumbukizwe bila kugusa kitako cha sufuria, na watoto wasubiri mpaka maji yatokote kwa nguvu. Kipimajoto kitapanda hadi 94 hivi, kisha kitagoma. Moto ukiongezwa, maji yatatokota kwa fujo zaidi, lakini namba haitasogea. Mwanafunzi mwangalifu ataandika alichokiona. Mwanafunzi mjanja ataandika 100, maana ndiyo iliyomo kitabuni na ndiyo inayotiwa alama ya vema.

Aliyeandika 94 ndiye aliyefanya sayansi. Kitabu nacho hakikusema uongo, ila mara nyingi huacha maneno machache: kwenye usawa wa bahari. Tanga, Mombasa, Unguja na Lamu, jibu la mia liko karibu sana na ukweli. Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya bahari, na huko nyuzi sita hazionekani. Zimekwenda wapi ni swali linalomgusa mpishi, muuguzi na mchora ramani, na karne ya kumi na tisa liliingia hata katika ugomvi uliohusu maziwa makuu ya Afrika Mashariki.

Kwanza, kuchemka ni nini? Si kugeuka mvuke tu. Khanga iliyoanikwa Dar es Salaam hukauka kwenye nyuzi 30, na hakuna aliyewahi kusema khanga imechemka. Molekuli za maji haziendi kwa mwendo mmoja. Zilizo na kasi kubwa huponyoka juu ya uso wa maji wakati wowote, asubuhi na jioni, kwenye ndoo hata baharini. Huo ni uvukizaji, na kazi yake hufanyika juujuu. Kuchemka hufanyika ndani.

Anayeyatazama maji kwa subira ataona viputo vya aina mbili. Vya kwanza ni vidogo, hung'ang'ania kuta za sufuria wakati maji bado ni ya uvuguvugu. Hivyo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka majini. Baadaye hutokea vikubwa kutoka chini, na ndani yake hamna hewa bali maji yenyewe yaliyogeuka mvuke. Mwanzoni viputo hivi havifiki juu: vikikutana na maji yasiyo na moto wa kutosha, mvuke hurudi kuwa maji na kiputo hubonyea ghafla. Ule mlio wa birika kabla halijachemka hutokana na kubonyea kwa viputo vingi. Mlio ukipungua na uso wa maji ukaanza kupinduka, ni ishara kwamba mvuke ndani ya kiputo sasa unasukuma kwa nguvu sawa na ile inayoyakandamiza maji kutoka juu.

Na kinachoyakandamiza ni nini? Hewa.

Watoto wengi, na watu wazima pia, huiona hewa kama kitu kisicho na uzito. Kumbe kwenye usawa wa bahari kila sentimita moja ya mraba hubeba mgandamizo unaokaribia uzito wa kilo moja. Kiganja cha mtu mzima, chenye eneo la sentimita za mraba 100 hivi, hubeba kilo 100, na mwenye kiganja hana habari, kwa kuwa hewa husukuma kutoka juu, chini na pembeni kwa usawa. Mwaka 1643 Mwitaliano Evangelista Torricelli alilifikiria jaribio la mrija wa kioo uliojazwa zebaki na kupinduliwa ndani ya bakuli la zebaki. Zebaki ilishuka kidogo, kisha ikasimama kwenye kimo cha sentimita 76 hivi. Iliyoishikilia ni hewa iliyokuwa ikikandamiza zebaki ya bakulini. Kwa maji, ambayo ni mepesi kuliko zebaki mara kumi na tatu na nusu hivi, hewa hiyohiyo ingeshikilia kimo cha mita 10 na kidogo. Ndiyo sababu pampu ya mkono ya kunyonya haifai kwa kisima kirefu: hata iwe na ubora gani, haivuti maji yaliyo chini zaidi ya mita 10, na kwa kawaida hushindwa mapema zaidi.

Kama hewa ina uzito, basi mtu akipanda mlima anaacha sehemu ya uzito huo chini yake. Mfaransa Blaise Pascal aliwaza hivyo, lakini alikuwa mgonjwa na mji alimokaa haukuwa na mlima. Akamwandikia shemeji yake, Florin Périer, aliyeishi Clermont karibu na mlima Puy de Dôme. Tarehe 19 Septemba 1648 Périer alipanda na mrija wake. Kileleni zebaki ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya sentimita 8. Jambo lililo bora kuliko hata namba hiyo ni kwamba aliacha mrija wa pili bustanini kule chini, na mtawa mmoja akakaa kuuangalia mchana kutwa. Wa chini haukubadilika. Bila mrija huo wa pili, yeyote angeweza kudai kwamba ni hali ya hewa iliyogeuka siku ile. Mwalimu anayetaka kueleza jaribio la ulinganisho ni nini hahitaji mfano mwingine.

Kiputo cha Nairobi sasa kinaeleweka. Kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, huko ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani, kwa hiyo mvuke hauhitaji joto kubwa ili kuishinda. Kwa makadirio ya darasani, kila mita 300 za kupanda huondoa nyuzi moja. Dodoma, mita 1,120 hivi, hupata 96. Eldoret, kwenye mita 2,100, hupata 93. Kileleni Kibo, mita 5,895, ambako kanieneo imebaki karibu nusu, maji huchemka kwenye 80 hivi, na anayekunywa chai huko anakunywa iliyopoa kabla haijamiminwa.

Anders Celsius, Mswidi aliyeweka kipimo cha nyuzi mia mwaka 1742, alilijua jambo hili. Alisema waziwazi kwamba sehemu ya kuchemka lazima itajwe pamoja na kanieneo ya hewa. Tena yeye aliita kuchemka 0 na kuganda 100. Kipimo kiligeuzwa baada ya kifo chake cha mwaka 1744. Na kwa vipimo makini vya leo, maji safi chini ya kanieneo sanifu ya usawa wa bahari huchemka kwenye 99.97. Kwa hiyo hata Mombasa hawana haki ya kujivuna sana.

Ikiwa kimo hubadilisha jotoridi la kuchemka, hesabu inaweza kugeuzwa: chemsha maji, soma kipimajoto, ujue uko juu ya bahari kwa kiasi gani. Hivyo ndivyo wasafiri wa karne ya kumi na tisa walivyopima bara la Afrika Mashariki. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke waliondoka pwani kuelekea maziwa ambayo wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa wameshayafikia miaka mingi kabla yao. Pamoja nao alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akaishi India, kisha akarudi Afrika akiwa huru. Speke hakujua lugha za nchi aliyoipita. Alizungumza na Bombay kwa Kihindustani, na Bombay ndiye aliyezungumza na wengine.

Februari 1858 walifika Ziwa Tanganyika. Vyombo vyao vilikuwa vimeharibika njiani, wakalipima ziwa kwa kipimajoto ambacho hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Jibu likatoka futi 1,850, yaani mita 564. Leo uso wa ziwa unajulikana kuwa kwenye mita 773 hivi. Kwenye ramani, mita 200 na ushei ni kosa la kutisha. Kwenye kipimajoto hazifiki hata nyuzi moja.

Agosti mwaka huohuo Speke alifika ziwa la Nyanza, yaani Victoria, upande wa Mwanza, akapata takriban futi 3,700, karibu kabisa na mita 1,134 zinazokubalika leo. Akatangaza kwamba hapo ndipo chanzo cha Nile. Burton akakataa, na baadaye akalitetea Tanganyika. Mwaka 1864 Samuel Baker akafika Ziwa Albert, ambalo maji yake huingia Nile, akapata futi 2,720 kwa njia hiyohiyo ya kuchemsha. Kwa namba hizo Tanganyika lilikuwa chini ya Albert, na maji hayapandi mlima. Burton, ili hoja yake isife, ilimbidi akitilie shaka kipimajoto cha msafara wake mwenyewe. Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo uliokuwa uwakutanishe mjini Bath, Uingereza.

Kilichofuata ni somo zuri kuliko mengi yaliyomo katika vitabu vya kiada. Hitimisho kwamba Tanganyika halimwagi maji yake Nile lilikuwa sahihi. Ila vipimo vilivyolitetea vilikuwa na makosa pande zote mbili: Albert liko kwenye mita 619 hivi, Tanganyika mita 773, kwa hiyo Tanganyika ndilo lililo juu. Kwa kimo peke yake, maji yangeweza kuteremka kutoka Tanganyika mpaka Albert. Burton alikuwa na haki ya kukishuku kipimajoto, akakosea bado. Kilichoamua ni Mto Ruzizi, ulio upande wa kaskazini wa Tanganyika. Wenyeji wa Uvira walikuwa wamewaambia Burton na Speke mwaka 1858 kwamba Ruzizi huingia ziwani, hautoki. Hawakuwa na jedwali la kuchemsha maji. Walikuwa na mto mbele ya macho yao. Mwaka 1871 David Livingstone na Henry Stanley walikwenda kwa mtumbwi hadi mdomo wa Ruzizi, wakakuta ni kama walivyosema wenyeji.

Livingstone alikufa mwaka 1873 akiamini kwamba Lualaba, mto mkubwa ulio magharibi ya Tanganyika, ndio Nile. Mwaka uliofuata Verney Lovett Cameron, ambaye mkuu wa msafara wake alikuwa Bombay yuleyule, alifika Nyangwe, kando ya mto huo, akapima. Kwa hesabu yake Lualaba ulikuwa chini ya Nile pale Gondokoro, katika Sudan Kusini ya leo, na maji yake yalikuwa mengi mno kuwa ya Nile. Akasema ni Kongo. Stanley aliufuata mto huo hadi Boma, karibu na Atlantiki, mwaka 1877, na mjadala ukafungwa.

Jikoni nako nyuzi sita hizo zina gharama. Kuiva kwa maharagwe ni badiliko la kikemia: vitu vinavyogandisha seli za punje hulegea, wanga hunywa maji na kuvimba. Mabadiliko ya namna hii hupunguza mwendo jotoridi linaposhuka, hata kwa nyuzi chache. Maharagwe ya aina moja, umri mmoja, yaliyolowekwa kwa muda mmoja, yatachelewa Njombe kuliko Tanga, na mpishi wa Njombe hana kosa lolote. Charles Darwin alilikuta jambo hili katika milima ya Andes mwaka 1835. Viazi vya msafara vilichemshwa usiku kucha, na asubuhi bado vilikuwa vigumu. Wenzake wa safari walijadiliana, wakafikia uamuzi kwamba sufuria, iliyokuwa mpya, ina laana na haitaki kuivisha viazi. Sababu waliikosa, lakini walichokiona walikiona sawasawa.

Wapishi wa nyanda za juu wana dawa zao. Ya kwanza ni kuloweka usiku. Ya pili ni magadi, ambayo kwa asili yake ya kibesi huvunja haraka kile kinachoshikilia ganda la punje, ingawa huharibu pia sehemu ya vitamini B. Wengine hutumaini chumvi, kwa kusikia kwamba inapandisha jotoridi la kuchemka. Inapandisha kweli: gramu 10 katika lita moja ya maji huongeza chini ya moja ya tano ya nyuzi. Inafaa kwa ladha.

Dawa isiyofaa kabisa ni kuchochea moto. Hapa kuna dhana ambayo wanafunzi huichanganya mpaka chuo kikuu, yaani tofauti ya joto na jotoridi. Joto ni nishati inayohama kutoka makaa kwenda kwenye maji. Jotoridi ni kile kinachosomwa kwenye kipimajoto. Mara nyingi la kwanza likiongezeka, la pili hupanda. Maji yakianza kuchemka, uhusiano huo hukatika: nishati yote inayoingia hutumika kuzitenganisha molekuli ili ziwe mvuke. Kupandisha lita moja kutoka nyuzi 24 hadi 94 huhitaji kilojuli 294 hivi. Kuigeuza lita hiyohiyo yote kuwa mvuke huhitaji karibu mara nane ya hizo. Kwa hiyo sufuria ya maharagwe inayotokota mpaka mfuniko unaruka na ile inayochemka kwa upole zina jotoridi moja, na zitaivisha kwa kasi ileile. Tofauti ni makaa. Familia inayopunguza moto mara maji yanapochemka, na kuacha mfuniko mahali pake, haipotezi hata dakika moja ya mapishi. Pengine hakuna ukurasa wa fizikia wenye faida ya haraka zaidi nyumbani kuliko huu, na inasikitisha kwamba hufundishwa kwa kuchora mchoro wa barafu na mvuke bila kutaja jiko.

Njia ya kweli ya kupandisha jotoridi ni kuongeza kanieneo. Denis Papin, Mfaransa aliyefanya kazi London, alionyesha sufuria ya presha mwaka 1679 kwa wanachama wa Royal Society; mifupa ililainika ndani yake. Sufuria ya presha ya kawaida huongeza juu ya hewa iliyopo kanieneo inayokaribia ile ya usawa wa bahari. Pwani maji ya ndani hufika 121 hivi. Nairobi, kwa kuwa inaanzia chini, hufika 117. Githeri inayochukua saa nyingi kwenye sufuria ya wazi huiva kwa sehemu ndogo ya muda huo.

Hospitalini tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Mbegu za bakteria wa pepopunda huweza kustahimili maji yanayochemka, ndiyo maana vifaa vya upasuaji husafishwa kwa mvuke wenye kanieneo, katika mashine iliyotokana na kazi ya Charles Chamberland, mshirika wa Pasteur, mwaka 1879. Kipimo cha kawaida ni nyuzi 121 kwa dakika 15. Mhudumu wa nyanda za juu akitazama mshale wa kanieneo peke yake, akaacha kusoma kipimajoto, anaweza kudhani amefika na kumbe bado.

Maji ya kunywa ni habari nyingine, na hapa wakazi wa Nairobi, Mbeya na Kigali wasiwe na hofu. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo hufa kabla maji hayajafikia hata 90. Yakichemka kwa dakika moja yanatosha. Kwa maeneo yaliyo juu zaidi ya mita 2,000 hivi, wataalamu wa afya wa Marekani hushauri dakika tatu.

Kwa shule isiyo na mlima wala mashine, kuna jaribio la gharama ndogo. Mwalimu atwae bomba jipya la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe, avute mililita tano za maji ya nyuzi 70 hivi, atoe hewa yote, kisha azibe mdomo wa bomba na kuuvuta mchi wake kwa nguvu. Nafasi iliyo juu ya maji haina hewa ya kutosha, na maji ambayo hayajafika popote karibu na mia yatatokota mbele ya darasa. Mchi ukiachiwa, yanatulia. Yakichemshwa hivyo mara kadhaa mfululizo, viputo hupungua, kwa sababu mvuke huchukua nishati kutoka kwenye maji yanayobaki na kuyapoza. Kwenye mabomba ya jokofu hutokea jambo hilohilo, isipokuwa kimiminika chake huchemka kwenye baridi kali na pampu inayokivuta huzunguka kwa umeme.